Kidonge cha Njano na Ugomvi Usio Wake

Ukimtajia bahasha mbili mtu aliyewahi kuugua malaria Tanzania kabla ya mwaka 2001, atakuelewa bila maelezo. Ya kwanza ilikuwa ya klorokwini: vidonge kumi vyeupe, vichungu, vinne siku ya kwanza, vinne ya pili, viwili ya tatu. Ya pili ilikuwa ya Piriton, vidonge vidogo vya njano, kutwa mara tatu, na hakuna aliyeuliza ni vya nini. Ni vya kuwashwa. Nilikaa dirisha la dawa katika zahanati ya shamba moja la mkonge mkoani Tanga, enzi ambazo klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa ya homa, na sidhani kama kuna dawa mbili nilizozitoa pamoja mara nyingi kuliko hizo.

Vijana wa leo kule kuwashwa hawakujui, kwa hiyo nieleze. Hakukuwa na kipele wala uvimbe; ngozi ilikuwa safi kabisa. Kulianza saa kadhaa baada ya vile vinne vya kwanza, aghalabu usiku, viganjani na nyayoni, kisha kukaenea mwili mzima. Kulichomachoma kwa ndani, mahali ambapo kucha hazifiki. Maji yalizidisha, hata mgonjwa aliyelowa jasho la homa akakaa siku mbili bila kuoga. Nimewaona wakata mkonge, wanaume wenye viganja vigumu, wakisugua nyayo kwenye kamba za kitanda mpaka ngozi ikachubuka. Mzee mmoja alinirudishia bahasha yake pale pale dirishani. "Mwanangu," akaniambia, "homa naijua, itapita. Huo upupu wako siutaki." Wengine hawakuirudisha. Walimeza vile vinne, homa ikashuka, na vilivyobaki vikatiwa kwenye kikopo juu ya kabati kungoja homa ya mtu mwingine.

Madaktari wa Ibadan, Nigeria, walilifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na katika tafiti za huko zaidi ya nusu ya watu waliohojiwa walisema wamewahi kuwashwa na klorokwini. Wazungu na Waasia waliwashwa kwa nadra. Meneja wa shamba alimeza dawa hiyo hiyo, akalala usingizi wake, asubuhi akashangaa wafanyakazi wanaikimbia kwa nini. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba klorokwini hushikamana na melanini, ile rangi ya ngozi, ikakawia humo. Basi tukaletewa Piriton tuwatulize watu, tukaitoa, na watu wakaipenda. Nami nimekuja kuamini kwamba kidonge hicho kilijijengea jina kwetu kwa kazi ambayo hakikuiweza.

Asili ya dawa za namna yake ni Ulaya. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, alieleza kwamba mwili uliokwisha kukutana na kitu fulani unaweza kukipokea kwa namna nyingine kabisa mara ya pili, pengine kwa ukali. Huo ndio mzio. Miaka minne baadaye, London, Henry Dale na Patrick Laidlaw wakaandika habari za kemikali iliyokuja kuitwa histamini. Walimdunga simbilisi, mirija ya pumzi ikabana, mnyama akafa kwa kukosa hewa. Dale aliona kwamba yanayompata simbilisi huyo yanafanana mno na yanayompata mnyama mwenye mzio mkali. Ilimchukua mpaka 1927, yeye na wenzake, kuthibitisha kwamba histamini imo ndani ya miili yetu wenyewe, kwenye mapafu na maini, imewekwa akiba ikingoja kufunguliwa.

Dawa ya kwanza ya kuizuia ilipatikana Paris mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur, kwenye maabara ya Ernest Fourneau. Waliofanya kazi hiyo ni Daniel Bovet, Mswisi, pamoja na mwanafunzi wake Anne-Marie Staub. Dawa yao iliitwa 929F, na simbilisi aliyepewa alinusurika kipimo cha histamini ambacho kingemuua. Tatizo ni kwamba ilikuwa na sumu nyingi mno kumpa binadamu. Staub akaendelea kujaribu nyingine moja baada ya nyingine, kazi iliyompa shahada yake ya udaktari, na njia aliyoichonga ndiyo wengine waliyoipitia. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Bernard Halpern alipata ile ya kwanza iliyofaa watu, Antergan. Halpern alikuwa Myahudi, akalazimika kukimbilia Uswisi. Mwaka 1957 Bovet alipewa tuzo ya Nobel, peke yake. Mimi niliyefanya kazi maisha yangu yote chini ya watu waliotia saini, huyo Staub namfikiria mara kwa mara.

Wamarekani nao hawakukaa bure. George Rieveschl wa Cincinnati alikuwa anatafuta dawa ya kulegeza misuli, akaangukia difenihidramini, ambayo tangu 1946 inauzwa kwa jina la Benadryl. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940, kampuni ya Schering ya New Jersey ikatoa klofenamini, na Uingereza dawa hiyo ikauzwa na Allen & Hanburys kwa jina la Piriton. Hao Allen & Hanburys walikuwa wauza dawa wa zamani kweli kweli, duka lao la Plough Court jijini London likianzia 1715, na mmoja wa wakubwa wake, William Allen, alikuwa katika mstari wa mbele wa waliopinga biashara ya watumwa. Sijui kama hilo lina uhusiano wowote na kuwashwa, lakini nililipenda nilipolisoma.

Kidonge chenyewe hakiifukuzi histamini wala hakiiharibu. Kinawahi kukalia kiti chake. Histamini ikimwagika kwenye ngozi, puani au machoni, inakuta kiti kimekaliwa, na ule uwekundu, uvimbe na chafya vinapungua. Ndiyo maana kikimezwa mapema hufanya kazi vizuri kuliko kikichelewa. Ila viti hivyo vipo pia ubongoni, na huko histamini ina kazi nyingine, ya kumfanya mtu awe macho. Dawa hizi za mwanzo zilipita mpaka ubongoni bila kizuizi, zikakalia na vile vya huko, na mtu akasinzia. Wafaransa walilitazama hilo kwa jicho la biashara nyingine. Daktari mpasuaji wa jeshi la majini, Henri Laborit, aliona wagonjwa wanaopewa promethazini, ndugu wa Piriton, wanakuwa watulivu kabla ya kupasuliwa. Kwenye ukoo huo huo wa kemikali ikatengenezwa klopromazini, Desemba 1950, ndiyo Largactil inayojulikana mpaka kwenye wodi za Mirembe, Dodoma. Hospitali za wagonjwa wa akili duniani kote zilibadilika kwa sababu dawa za chafya zilikuwa zinalaza watu.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, klofenamini ilikuwemo. Ilistahili: ni rahisi, haiharibiki upesi, haina makubwa. Kwetu ilifika kwenye makopo ya vidonge elfu moja. Unafungua kifuniko, unatoa pamba, unamimina kwenye sahani, unahesabu kwa kisu butu vidonge vitano vitano, unatia kwenye bahasha ya karatasi na kuandika kwa kalamu 1 x 3. Asiyejua kusoma unamchorea jua linachomoza, jua la utosini na mwezi. Vumbi la njano lilibaki kwenye sahani, nalo lilikuwa chungu.

Na ikatumika kwa kila kitu. Mafua, kikohozi, kuumwa na siafu, upele wa watoto, macho mekundu, harara ya joto la Februari. Kwenye mafua ya kawaida ilikausha pua tu. Kirusi chenyewe haikukigusa. Wala tusidhani ni ujinga wa kwetu, maana Marekani mwaka 1949 na 1950 watu walinunua dawa za jamii hii kwa pupa baada ya kutangaziwa kwamba zinakomesha mafua. Mama wengi waligundua wenyewe kwamba nusu kidonge kinamlaza mtoto msumbufu, na yaya wengine wakagundua hivyo hivyo bila mama kujua. Hilo nililikemea kila nilipolisikia, maana mtoto mchanga anaweza kulala akasahau kupumua. Mtu wa mashine za kusugua nyuzi za mkonge naye sikumpa mchana. Vumbi la kule ndani lilikuwa linawatia chafya na kubanwa kifua, walikihitaji hasa, lakini mashine inayovuta nyuzi haichagui kati ya uzi na mkono wa mtu anayesinzia. Niliwapa cha jioni, nikawaambia wafunge kitambaa puani. Walifunga siku mbili tatu, kisha wakafungua kwa sababu ya joto.

Kuna siku lakini nilikiona kidonge hicho kikifanya kazi yake halisi, na ningependa kuikalia hiyo kidogo.

Ilikuwa alasiri. Mchuuzi wa samaki alikuwa amekuja na baiskeli kutoka ufukweni, kachelewa, tenga limefunikwa majani yaliyokwisha kunyauka, ndani vibua na vipande vya jodari. Familia moja ya kambini ilinunua jodari kwa bei ya kutupa. Haikupita saa moja tangu wale, wakaja zahanati wote kwa mkupuo, baba, mama na watoto wakubwa. Macho mekundu, uso wa moto, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, na mabaka yamewafura kifuani na shingoni. Baba alikuwa ameshaamua kwamba wametupiwa kitu na jirani. Nikamuuliza mama, samaki alikuwa na harufu? Hapana. Ladha? Akafikiri. "Alikuwa na ukali ulimini," akasema, "nikadhani nimezidisha pilipili." Kumbe pilipili hakutia.

Jodari, vibua na jamaa zao wana nyama yenye histidini nyingi. Samaki akikaa juani, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, na histamini haiogopi moto: ukaange, uchemshe, uipike kwa nazi, iko pale pale. Unakula sahani ya histamini. Mtu anaonekana kama ana mzio wa samaki, na wengi huandikiwa hivyo maishani, wakaacha samaki bure, wakati wiki ijayo wangekula jodari mbichi wa alfajiri wasione lolote. Kinachomtofautisha na mwenye mzio ni kwamba wanaugua wote waliokula sahani moja. Hapo Piriton ilikuwa nyumbani kwake. Niliwapa, wakakaa kwenye benchi chini ya mwembe, na kabla ya magharibi mabaka yalikuwa yamefifia na baba kaanza kuona aibu kumtaja jirani. Mpaka leo viwanda vinavyouza jodari Ulaya hupimiwa histamini kabla mzigo haujapokelewa. Wa baiskeli hapimwi. Huyo unamtazama macho yake na mashavu, na saa aliyotoka majini.

Nyumbani kwetu, kabla ya zahanati na hata baada yake, palikuwa na dawa nyingine. Bibi yangu, Mdigo, alitunza habasoda ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha. Mtu mwenye mafua yasiyoisha, chafya za asubuhi na pua ya maji, alisagiwa kidogo kwenye kitambaa akawa anavuta harufu, au alilishwa kijiko cha asali iliyochanganywa nayo. Habasoda ilikuja pwani na dini pamoja na biashara, na sifa yake katika hadithi za Mtume inajulikana kwa kila Mwislamu. Waganga wa Kiarabu na Kiajemi waliijua, na waliyajua pia mafua ya msimu. Al-Razi, tabibu mkubwa aliyeishi Rayy na Baghdad, aliandika risala nzima kuhusu mwanachuoni mwenzake, Abu Zayd al-Balkhi, ambaye kila majira ya waridi alivimba kichwa na kushikwa na mafua. Hiyo ni karne ya 10. Waingereza walingoja mpaka 1819 ndipo daktari John Bostock aliposimama mbele ya wenzake London kueleza ugonjwa wa macho na kifua uliokuwa ukimsumbua yeye mwenyewe kila kiangazi tangu akiwa na miaka minane. Alishajitibu kwa kutolewa damu, kuoga maji baridi, na afyuni. Bibi yangu angemhurumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Misri walitoa kwenye mafuta ya habasoda kitu walichokiita nijeloni wakakijaribu kwa wenye pumu. Tangu hapo zimefanyika tafiti ndogo ndogo, na baadhi zinaonyesha wenye mafua ya mzio wanapata nafuu kiasi. Nafuu kiasi ndiyo hiyo hiyo niliyoiona kwa bibi. Wauza dawa za sunna wa siku hizi, wanaoning'iniza mabango ya magonjwa mia, wananiudhi kwa sababu wanaivunjia heshima mbegu nzuri.

Mmea mwingine wa Misri ulifika mbali zaidi. Kwa Kiarabu wanauita khella, na wakulima wa bonde la Nili waliuchemsha kwa ajili ya maumivu ya mawe ya figo. Wanakemia wa kampuni moja ya Uingereza walichukua kemikali yake wakawa wanaigeuza geuza, na aliyezijaribu dawa zilizotokana nayo ni daktari Roger Altounyan, mzaliwa wa Aleppo, Syria, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu. Alikuwa na mzio wa simbilisi, wale wale wa Dale na Bovet. Basi alitengeneza maji ya magamba ya simbilisi, akavuta mvuke wake makusudi ili abanwe, kisha akapima dawa gani inamfungua au inamkinga. Alifanya hivyo kwa miaka. Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati, ambayo haikalii kiti cha histamini. Inazuia ghala lisifunguliwe. Kifaa cha kuivutia kilikuwa na pangaboi dogo ndani, wazo lililomjia kwa sababu vitani alikuwa mwalimu wa urubani. Anayesema dawa za miti ni za washamba, na za hospitali ni za wasomi, angekwenda kumuuliza huyo.

Miti mingine yetu ina kazi zake, na ningependa tusizizidishe. Mwarobaini, uliotoka India, ulichemshwa wakaogeshwa watoto wenye upele na tetekuwanga. Uchungu wake peke yake ulituaminisha. Mkaratusi, mgeni kutoka Australia, majani yake yalikwenda kwenye chungu cha kujifukiza, na mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ilirudi kupiga nyungu. Mvuke unafungua pua iliyoziba, hilo kweli, lakini ukitoka kwenye blanketi ukakutana tena na vumbi au chavua ya miembe, chafya zinakungoja. Nimewafunga bandeji watoto waliopindukiwa na chungu, wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Pale Muhimbili kimekuwepo kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, na naona afadhali ya kazi ya polepole ya namna ile kuliko kelele za redioni.

Na upupu. Mzee aliyenirudishia bahasha alisema neno zito kuliko alivyojua. Kila aliyesoma shule ya msingi vijijini anakumbuka mtoto mtukutu aliyepaka upupu kwenye dawati la mwenzake. Manyoya ya ganda lake hayana miujiza: yanachoma ngozi na kuacha humo kimeng'enya kiitwacho mukunaini. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Walter Shelley na R. P. Arthur, walikichunguza wakakuta kuwashwa kwake kunapita nje ya histamini. Miaka zaidi ya hamsini baadaye ikajulikana hasa kinagusa mlango gani kwenye mishipa ya fahamu. Bibi hakusubiri. Alikataza maji, akakataza kukuna, akasugua majivu makavu mpaka manyoya yakang'oka. Nilipoanza kazi na kuletewa mtoto wa upupu, nilimpa kidonge cha njano kwa sababu ndicho kilichoandikwa kwenye kitabu kwa kuwashwa. Akalala, mama akashukuru. Alipoamka alikuwa anajikuna.

Sasa rudini kwenye zile bahasha mbili. Mwaka 2009, maabara ya Xinzhong Dong katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilichukua panya walioondolewa kundi fulani la vipokezi kwenye mishipa yao ya fahamu. Wakawadunga klorokwini. Panya wa kawaida walijikuna vibaya. Hawa walijikuna kidogo sana. Histamini iliendelea kuwawasha wote sawasawa. Klorokwini ilikuwa na mlango wake mwenyewe, na binadamu naye anao unaofanana na huo. Ndiyo kusema miaka yote ile tuliyokuwa tunatoa kidonge cha njano, sehemu kubwa ya kuwashwa kule ilikuwa inapita mlango wa nyuma huku sisi tumesimama wa mbele. Nafuu kidogo ilikuwepo kwa baadhi, nami sikatai. Lakini kilichowatuliza wengi ni kwamba walisinzia, na usiku ule mbaya ukapita bila wao kuuhesabu.

Kuna kitu kingine kilichonifanya nicheke nilipokisoma. Watafiti wa Ibadan, katika miaka ya 1990, waliwapa watoto wenye malaria klorokwini pamoja na klofenamini kwa vipimo vikubwa kuliko vyetu, wakaona wanapona vizuri kuliko waliopewa klorokwini peke yake. Vimelea sugu vilikuwa vimejifunza kuitema klorokwini, na klofenamini ilivivuruga katika kuitema huko. Kidonge kilichotumwa kutuliza ngozi kilikuwa na uwezo wa kumsaidia mwenzake kupigana na homa, na hakuna aliyekituma kazi hiyo.

Jibu la Johns Hopkins lilipokuja, swali lilikuwa limekwisha kuhama kwetu. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, Kenya 1998, Tanzania Agosti 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea mno. Wapo watafiti wanaoshuku kwamba dozi zilizokatwa nusu kwa kuogopa kuwashwa zilisaidia kuvizoesha. Nikikumbuka vile vikopo juu ya makabati, sina la kubisha. Ikaja SP, dawa yenye salfa, vidonge vitatu mara moja, na watu wakafurahi kwamba haiwashi, mpaka zilipoanza kusikika habari za wachache waliobabuka ngozi na midomo kwa mzio wa salfa. Huo ulikuwa mzio wa kweli na wa kutisha, na Piriton haiuwezi. Mtu wa hivyo anakwenda hospitali kubwa usiku huo huo. Mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto. Bahasha ya pili ikatoweka.

Piriton ilibaki bila mwenzake, na sokoni wakaja wadogo zake wasiolaza. Wa kwanza wao aliyepata jina, terfenadini, aliingia Marekani mwaka 1985. Mwanzo walimtaka awe dawa ya ubongo, akashindwa kuingia ubongoni, na kushindwa huko ndiko kulikomletea soko. Kisha ikaonekana kwamba akikutana mwilini na dawa kama ketokonazoli, au hata maji ya balungi, ini linachelewa kumvunja, anarundikana kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Watu walikufa. Akaondolewa sokoni 1998, nafasi yake ikachukuliwa na feksofenadini, ambayo ni kile ini lilichokuwa likimgeuza awe. Setirizini ya Wabelgiji nayo ni hivyo hivyo, ni mabaki ya kazi ya ini juu ya dawa ya zamani, haidroksizini. Loratadini ipo pia, na siku hizi ndiyo inayopendelewa kwenye orodha ya dawa muhimu. Moja kwa siku, na unaweza kuendesha gari, ingawa setirizini bado huwasinzisha wachache.

Nilidhani madereva wa malori ya mpakani Horohoro wangezishangilia. Mmoja alirudi kesho yake kunilalamikia. "Daktari, hii mbovu. Nimemeza usiku, nimekesha." Nikamuuliza chafya je? Zimekwisha. Macho? Hayawashi. "Lakini dawa sikuisikia," akasema. Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapa, kwa kifupi, akanisikiliza kwa adabu, akaniomba nimpe zile za njano. Sikumpa, maana alikuwa na safari ya Mombasa. Alizipata kwenye duka la karibu.

Siku hizi mimi ni mteja. Miembe ikichanua napiga chafya kama watu wengine, na binti wa duka la dawa muhimu la mtaani kwetu ananijua. Ana zote mbili kwenye droo moja na haulizi jina la dawa. Anauliza, "Ya kulala au ya kwenda kazini, babu?" Namwambia ya kazini, ingawa kazi sina. Wazee wenzangu ninaowakuta pale huchukua ya kulala, hata saa nne asubuhi.